Udongo Umerudi Shimoni

Kwa mwanangu wa kwanza,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa chini, maana nakujua, ukisoma umesimama utaruka mistari. Hujambo wewe? Mke wako hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la bohari? Sisi huku tupo. Sitasema ni wazima, ningekuwa muongo, na uongo sikuuanza ujanani sitauanza leo. Miguu yangu inavimba ikifika jioni, lakini bado nasimama, na nikisema nasikika mpaka nyumba ya tatu.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwandiko ukipanda na kushuka vumilia, kusoma kwenyewe nilianza nikiwa na mvi, kwenye darasa la watu wazima, tumekalia madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Simu nimeiweka kando. Kila nikikupigia unasema mama niko kazini, nitakupigia, halafu kimya kama umetumbukia kisimani. Barua haina kitufe cha kukata. Anayekuletea ni shemeji yako, mume wa mdogo wako, kwa kuwa lori lake linapita huko. Mpokee vizuri. Habari yake nitairudia mbele.

Nianzie mbali kidogo, ili usije ukasema hukuelezwa.

Mwaka ule ulipoanza nyumba yako, ukaondoka kuta zikiwa magotini, alikuja mtu wa afya, kijana mrefu mwembamba, sisi tukampachika jina la Bwana Mbu. Watu walidhani kaleta vidonge. Mama Mkaa, jirani yetu huyu anayeuza mkaa, alipoona kaja na bakuli jeupe na upawa tu, aliuliza kwa sauti kama mgeni huyo kaja kutibu au kaja kuomba mchuzi. Tulicheka sana siku ile. Yeye naye alicheka, kisha akatuambia twende tukatembee.

Akatuzungusha. Bondeni kwenye majaruba ya mpunga, mtoni kwenye magugu, pale ng'ombe wanaponywea ambapo kila kwato imeacha kikombe chake cha maji, barabarani kwenye nyayo za matairi, na kwenye mashimo yote ya watu wa matofali. Kila mahali anachota kwa upawa, anamimina kwenye bakuli, anatuambia tuchungulie. Mwanangu, nimekunywa, nimefua na nimepikia maji maisha yangu yote, sikuwahi kuyatazama hivyo. Viluwiluwi tele. Akatuonyesha kwamba yule anayening'inia kichwa chini ni mbu msumbufu tu, lakini yule anayelala bapa juu ya maji, kama mtu anayeota jua, huyo ndiye anayekua akaleta malaria. Akasema chandarua tulalie, vidonge tumeze, wala asisikie mtu ameacha. Ila tukiishia hapo tutakuwa tunakimbizana na mbu wa jana huku wa kesho wanaoga juani nyuma ya nyumba zetu. Maji, shamba, mifugo, miti na makazi, alisema, ni kitu kimoja, ukigusa hapa pale panatikisika.

Basi tukafanya kazi. Wenye majaruba walikubaliana kufunga maji kwa zamu, shamba likauke kidogo kisha yarudishwe, na kabla ya kukubaliana walitukanana mpaka kwa mababu. Mtoni tulifyeka magugu maji yakapata njia, tukapanda miti kingoni ili pawe na kivuli, maana mbu huyo anapenda maji yenye jua. Pale pa kunyweshea ng'ombe tulipanga mawe. Mashimo yasiyo na kazi yakafukiwa. Yale ya kumwagilia mboga yakawekwa vifaranga vya samaki aina ya perege, nao wakala viluwiluwi kama wanalipwa. Muuguzi wa zahanati alisema kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapa ameweza kukaa kwenye lile benchi la wagonjwa, maana lilikuwa na nafasi.

Na mimi walinipa upawa. Ndiyo, mama yako huyuhuyu. Mkuu wa wanawake wa upawa. Nilikuwa naingia kwenye yadi ya mtu bila hodi, nachungulia nyuma ya vyoo, nagombeza. Walininung'unikia sana, wakasema nimepata cheo uzeeni. Sikujali. Sikuwahi kupewa cheo na mtu kabla ya hapo, nikakitumia.

Sasa tuje kwenye shimo lako.

Unalijua, ulilichimbisha mwenyewe. Pale nyuma, kati ya jiko langu na nyumba yako, udongo wako wote wa matofali ulitoka humo. Bwana Mbu alilitazama akasema hili kwanza. Kubwa, tulivu, halina kivuli, na liko karibu na mahali mnapopika jioni, hata kabla mtu hajaingia ndani ya chandarua ameshaumwa. Nilikupigia. Siku hiyo ulipokea. Ukaniambia mama, shimo hilo lisiguswe, bado nataka matofali ya ukuta wa uzio, na tena udongo wa kulifukia mtautoa wapi, na hao watu wa miradi wanakuja na kuondoka. Ukaniambia nichukue chandarua, nilale, nisijisumbue na vitoto vya mbu kwa umri wangu. Kwa umri wangu! Mimi niliyekubeba mgongoni nikipanda mpunga.

Lakini nilikusikiliza. Wewe ndiye mwanaume uliyebaki kwenye nyumba hii, nilitaka neno lako lisimame. Kwenye kikao Mama Mkaa aliniuliza mbele ya watu, akasema bibi, unatuchungulia mpaka uvunguni, hilo ziwa la mwanao hulioni, au mbu wake wamesoma hawaumi watu ovyo? Watu waliangua kicheko. Mimi nikasimama nikakutetea. Nikasema shimo la mwanangu litawekwa samaki, na mwenye neno aje aniambie jioni. Samaki wakawekwa, wengi, na kweli walifanya kazi. Nilichota mwenyewe, nikachota tena, bakuli safi. Baada ya hapo nikawaambia wenzangu wasipoteze muda kwangu, pale pana walinzi. Hilo ni langu, nimelibeba, huna haja ya kunikumbusha.

Chiriku alilipenda sana shimo lile. Mtoto wa mdogo wako, mpwa wako, tulimwita Chiriku kwa sababu tangu anaamka mpaka analala mdomo haufungwi. Alikuwa akiliita bahari ya mjomba. Alikaa pembeni na mimi nikiosha vyombo, anawapa samaki makombo ya ukoko, anawauliza kama wameshiba, anajijibu mwenyewe kwa sauti ya samaki. Nyumba yako nayo aliigawa vyumba. Hiki cha bibi, hiki cha mama, hiki changu, mjomba atalala sebuleni kwa sababu ni mgeni. Hujawahi kuyasikia haya. Ulimwona akiwa wa kubebwa, na ulipokuja ulikuwa unapimisha kuta.

Kiangazi kilipokolea fundi wako alirudi kazini. Nilimwona anapandisha kuta, nikafurahi. Nilidhani mwanangu karibu atarudi. Mimi wakati ule nilikuwa nashinda bondeni kwenye ugomvi wa maji ya majaruba, narudi nimechoka, naona kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha, shimo silitazami, nalala. Kisha mvua zikaja, shimo likajaa, fundi akaondoka kungoja umtumie mabati. Vyumba vyako vile visivyo na paa vikatuama maji. Sebule yako ilikuwa na viluwiluwi kabla haijawa na viti.

Chiriku alianza kwa kunyamaza. Hiyo ndiyo dalili niliyoiona mimi kabla ya joto. Asubuhi aliamka hakusema kitu, akakataa uji. Mdogo wako alimpeleka zahanati saa hiyohiyo, usije ukasema alichelewa. Wakampima, malaria. Dawa akapewa. Mchana alitapika dawa yote, akawa mweupe midomoni, macho yanageuka, degedege likamshika mikononi mwa mama yake pale uani, jua kali, mimi nimesimama na kikombe cha maji sijui nimpe nani. Tulimpakia kwenye pikipiki kwenda hospitali kubwa. Walisema damu imekwisha mwilini. Walisema wanatafuta damu ya kumwongezea. Mdogo wako alikunja mkono wa gauni akawaambia watoe yake, wakamwambia yeye ana mimba, haiwezekani. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyojua kwamba ana mimba. Hakuwa amemwambia mtu.

Chiriku hakuifikia hiyo damu.

Ulituma ujumbe. Shemeji yako alinisomea aliporudi, tumeshazika, kisha nikauchukua nikausoma mwenyewe kwa sababu sikuamini masikio yangu. Poleni sana, ni mapenzi ya Mungu, tuko pamoja katika kipindi hiki kigumu. Na chini yake, katika ujumbe uleule, umeuliza kama yale matofali mabichi yamefunikwa yasilowe na mvua. Mwanangu. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku na usiku wake, na sikuwahi kujuta. Siku ile nilikaa muda mrefu nimeshika simu ile nikitafuta nilikukosea wapi kulea.

Tulipomaliza kuzika, wageni walipotawanyika, Bwana Mbu alikuja kutupa pole. Alisimama uani akalitazama shimo lako, akaniomba upawa. Nikamwambia pale pana samaki. Akasema najua bibi, niazime tu. Akachota. Akamimina kwenye bakuli, akanipa mimi nishike. Walikuwa wamelala bapa, wamejaa, hata weupe wa bakuli huuoni vizuri. Akachota upande wa pili, hivyohivyo. Akatupa makombo ya ukoko majini. Tukangoja. Hakuna kilichokuja juu.

Nilimtafuta fundi mwenyewe, kwa miguu yangu hii. Hakuficha, nampa hilo. Alisema ulimpigia ukamhimiza amalize kuta kabla ya mvua, na bomba la maji liko mbali, basi akaleta pampu akalivuta shimo lote mpaka tope, akachanganyia saruji na kumwagilia kuta. Chini wakakuta samaki wanarukaruka. Wakawaokota, wakawakaanga, wakala yeye na vibarua wake, wakasema mwenye nyumba huyu ana bahati, hata shimo lake lina kitoweo. Hakuna aliyemwambia kwamba samaki wale wana kazi. Alidhani ni wa kuliwa, kwani samaki ni wa nini kingine? Niliinua mkono nimpige, nikaushusha. Hata mimi sikumwambia, sikuwepo. Na wewe uliyempa amri hukumwambia, kwa sababu tangu uliponieleza nisijisumbue na vitoto vya mbu hukuuliza tena shimoni kumewekwa nini.

Bwana Mbu ni mtu wa haki, alisema hawezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma Chiriku alitoka hapa na si kwingine, mbu hawaandikwi majina. Lakini nyumba zilizougua mvua hizi ni zetu, ya Mama Mkaa, na zile mbili za nyuma yake. Zote zimelizunguka shimo lako kama watu wanaoota moto. Mabondeni ambako sisi tulihangaika hawakuugua. Sihitaji shule zaidi ya hiyo.

Nilimwomba Bwana Mbu samaki wengine. Akasema kwa sasa hana, bwawa lao la vifaranga lilikauka kiangazi kile, tungoje. Nikakupigia nikuombe tulifukie. Ukasema mama, niko kwenye kikao. Nikakupigia kesho yake. Iliita mpaka ikachoka. Nikatuma ujumbe, ukajibu tutaongea nikija. Lini hiyo? Halafu mdogo wako akaanza homa. Amekaa mlangoni amejifunika kanga, anatetemeka juani, mkono uko tumboni. Muuguzi akampa dawa, akaniita pembeni akaniambia bibi, mwenye mimba malaria haichezewi, ikirudia tena mtampoteza mmoja au wote wawili. Akasema hivyo kwa upole, lakini mimi nilisikia kama anagonga debe masikioni mwangu.

Sasa kaa vizuri, kama umesimama kaa.

Udongo wa kulifukia tungeutoa wapi, ndivyo ulivyouliza, na uliuliza vizuri. Huku kwetu ukichimba mahali pengine unapata shimo jingine. Nililala na swali lako, nikaamka na jibu. Udongo wa shimo lile ulikuwa mbele ya macho yangu, umesimama wima, umepangwa kwa saruji, una madirisha.

Nyumba yako haipo tena, mwanangu. Nimeibomoa.

Si mvua, si wezi, si serikali. Ni mimi. Kiwanja ni changu, niliachiwa na baba yako, na sikuwahi kukuandikia. Nilianza na yale matofali mabichi uliyoyaulizia, nikayabeba moja moja kwenye karai nikiyatumbukiza. Mama Mkaa alinitazama kutoka kwake, nikajua sasa nitasikia maneno. Akaja na karai lake, hakusema hata neno moja, na wewe unamjua yule, kunyamaza kwake ni sadaka. Kisha wanawake wa upawa wote. Mabichi yalipokwisha shimo likawa bado linacheka. Ndipo nikamwita fundi. Nikamwambia ulijenga, sasa jengua. Alilia, mtu mzima yule, lakini alishika nyundo, akaanza na chumba cha Chiriku. Alitaka kuanzia sebuleni, mimi ndiye niliyemwonyesha.

Mdogo wako alikuwa amekatazwa kunyanyua kitu. Alikaa kwenye kigoda akatazama ukuta baada ya ukuta. Ule wa mwisho ulipoingia majini maji yakapanda, yakamwagika kwenye mfereji tuliouchimba, yakaenda zake mtoni. Juu tukaweka udongo wa shamba langu la mboga, tukakanyaga. Ukija utaona uwanja mtupu tu. Mvua imenyesha juzi, nilitoka na upawa wangu nikatafuta pa kuchota, sikupata.

Najua jasho lako liko mle. Najua ulikula mlo mmoja ili upandishe zile kuta, mke wako aliniambia. Sikuomba msamaha na siombi. Ukitaka kunichukia, nichukie, nina kifua cha kubebea. Ila usinilaumu mbele ya shemeji yako anayekuletea barua hii. Yeye alikuwa safarini mwanawe alipougua, alifika kaburi limeshafunikwa. Mpe chai. Usiangalie simu anapoongea. Akinyamaza, nyamaza naye.

Ukija utafikia kwangu, chumba kile cha mbele, godoro nimelianika na chandarua nimekishona palipotoboka. Mtoto akizaliwa salama nitakuletea habari, na asipozaliwa salama nitakuletea vilevile.

Mama Mkaa anakusalimu, anasema usimwogope. Fundi anakusalimu, anaona aibu. Bwana Mbu hakujui lakini anakusalimu. Muuguzi anakusalimu.

Mdogo wako hakukusalimu. Nilimuuliza kabla sijaifunga barua, akaangalia pembeni. Nikamuuliza tena, akaenda kuchota maji.

Ni mimi mama yako,
bibi wa marehemu Chiriku, na wa huyo ajaye.